Siku mbili Lima: fuata udongo

SWALI: Mimi ni ofisa ugani Kanda ya Ziwa. Mwezi Oktoba nakwenda Lima, Peru, kwa mafunzo ya viazi lishe katika Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kule La Molina. Mafunzo yakiisha nitabaki na Jumamosi na Jumapili nzima kabla ya ndege ya usiku. Kila nikitafuta sehemu za kihistoria napewa orodha ndefu ya makanisa na viwanja, na yote yanasifiwa kwa maneno yaleyale. Nikaone nini, na niache nini? Halafu nimesikia kwamba watu weusi wako Lima tangu zamani sana. Kuna mahali pa kuona alama zao, au ni habari za vitabuni tu?

JIBU: Dada yangu, orodha hiyo itupe. Ukiingia makanisa matano mfululizo, la sita hulioni tena. Dhahabu ni ileile, malaika ni walewale, na miguu inauma. Kwa siku zako mbili nakushauri hivi: Jumamosi iwe ya mji mkongwe, uingie sehemu tatu au nne tu, lakini uingie kwa kukaa. Jumapili toka nje ya mji asubuhi uende Pachacamac, kisha alasiri rudi wilaya ya Miraflores kwenye piramidi ya Huaca Pucllana. Na hilo swali lako la mwisho si nyongeza, ndilo litakaloamua njia yetu ya Jumamosi.

Kuna jambo moja ukilishika mapema, Lima yote itakusomekea. Mji huu umejengwa kwa udongo juu ya ardhi inayotikisika. Mvamizi Mhispania Francisco Pizarro aliuanzisha tarehe 18 Januari 1535 kando ya mto Rímac, kwenye jangwa la pwani. Mvua ya maana hainyeshi. Kuna ukungu na manyunyu ya miezi ya baridi, basi. Katika hali hiyo tofali bichi linaweza kuishi miaka elfu moja na zaidi bila paa. Adui wake ni tetemeko. Lile la 1655 lilibomoa, la 1687 likabomoa zaidi, na la usiku wa tarehe 28 Oktoba 1746 likamaliza: katika nyumba zipatazo 3,000 inasemekana zilibaki 25 zimesimama, na bandari ya jirani ya Callao ikafagiliwa na bahari. Huko Callao walikuwa wakazi kama 5,000, wakapona kiasi cha 200.

Kwa hiyo mwongoza watalii akikuambia jengo fulani ni la karne ya 16, muulize kwa upole ni sehemu gani ya jengo hilo. Mara nyingi ni kiwanja chenyewe na mawe machache ya msingi. Yaliyobaki yamejengwa upya, tena na tena, na utamu wa Lima uko hapo, katika namna mafundi walivyojifunza kujenga kitu ambacho ardhi ikitikisika hakitawaua waliomo.

Ndiyo maana Jumamosi nakutaka uanzie kanisa na nyumba ya watawa wa San Francisco, kabla ya uwanja mkuu. Kanisa la awali lilianguka katika miaka ya 1650. Aliyepewa kazi ya kulijenga upya alikuwa Mreno, Constantino de Vasconcelos, na likakamilika mwaka 1674. Ukisimama ndani ukatazama juu utaona matao makubwa yaliyonakshiwa, na utaapa kuwa ni mawe. Si mawe. Ni mbao, matete yaliyosukwa, udongo, na lipu juu yake. Wao wanaita kincha. Wewe wa Kanda ya Ziwa huhitaji kuchorewa: ni nyumba ya kukandika, fito na udongo, ila imepandishwa juu mpaka ikawa dari la kanisa. Ardhi ikitikisika, jiwe hupasuka na kuangukia watu. Fito hupinda na kurudi. Kilichoanzia kwenye kanisa hili kikaenea mji mzima. Baada ya 1746 ikawa kawaida ghorofa ya chini kujengwa kwa tofali bichi nene na ya juu kwa kincha, na hata matao ya kanisa kuu yakafanywa ya mbao.

Chini ya San Francisco kuna makaburi ya pango, ambayo ndiyo watu wengi huyafuata. Walizikwa humo watu wa kawaida wa Lima hadi mwaka 1808, mji ulipofungua makaburi ya nje, Presbítero Maestro. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 25,000. Utaona mafuvu na mifupa ya mapaja imepangwa kwa duara, safu ndani ya safu, ndani ya kisima cha matofali. Watalii hunong'ona kuhusu ibada za ajabu za watawa. Hakuna cha ibada. Mpangilio huo ulifanywa na watu wa karne ya 20 baada ya mapango kufunguliwa upya, ili mifupa ikae vizuri. Tazama zaidi kuta zenyewe, matao mafupi ya matofali ambayo yamevumilia matetemeko yote. Utaingia na kundi la mwongozaji, utainama sana, na kupiga picha hakuruhusiwi. Ukitoka, usikimbie kabla ya kuona maktaba yao ya vitabu vipatavyo 25,000 na kuba la mbao lililo juu ya ngazi kuu, kazi ya mtindo wa mudéjar, wenye asili kwa Waislamu wa Hispania.

Kutoka hapo hadi Plaza Mayor ni mwendo wa dakika chache. Uwanja huu upite, uufurahie, lakini usiuamini sana. Ikulu inayouzunguka upande mmoja ilikamilika 1938, jumba la askofu mkuu lenye roshani nzuri za mbao ni la 1924, na ofisi ya manispaa ni ya 1944. Kitu cha kale kuliko vyote hapo ni chemchemi ya shaba katikati, ya mwaka 1651, na watu huipa mgongo ili wapige picha na ikulu. Hata hivyo ardhi yenyewe ina uzito wake: hapa Pizarro aliuawa na wapinzani wake tarehe 26 Juni 1541, na hapa José de San Martín alitangaza uhuru wa Peru tarehe 28 Julai 1821.

Ndani ya kanisa kuu nenda moja kwa moja kwenye kaburi la Pizarro, kwa sababu kisa chake ni kizuri kuliko kaburi lenyewe. Tangu 1891 watu walikuwa wakionyeshwa maiti iliyokauka ndani ya sanduku la kioo, wakiambiwa ndiye. Mwaka 1977 mafundi waliokuwa wakifanya ukarabati wakakuta kisanduku cha risasi chenye fuvu, kikiwa na maandishi yanayomtaja Pizarro. Wataalamu wa mifupa wakachunguza, wakaona makovu ya panga yanayolingana na habari za kifo chake. Yule wa kwenye kioo akaondolewa. Miaka zaidi ya 80 wageni waheshimiwa walikuwa wakiinama mbele ya mtu baki.

Na kama hujui: sanamu yake ya shaba, akiwa juu ya farasi, iliondolewa kwenye kiwanja kidogo cha pembeni mwa uwanja huo mwaka 2003 kwa sababu wengi hawakutaka kumwona mvamizi akiwa amewekwa juu yao. Januari 2025, mji ulipotimiza miaka 490, meya akairudisha karibu na uwanja, na ubishi ukarudi nayo. Ukiiona, sikiliza wenyeji wanavyoizungumza. Utajifunza Peru ya leo kuliko utakavyojifunza kwenye kibao cha maelezo.

Ukitaka nyumba moja tu ya kulipia kiingilio, iwe Casa de Aliaga, ubavuni mwa ikulu. Kiwanja hicho Pizarro alimpa mwenzake Jerónimo de Aliaga mwaka 1535, na ukoo huo bado unakimiliki. Inabidi kuweka nafasi mapema. Jumba la Torre Tagle la 1735 litazame kwa nje tu. Ni wizara ya mambo ya nje, na roshani zake mbili za mbao nyeusi zilizofunikwa kama makabati yenye nakshi ndizo nzuri kuliko zote mjini. Zilikuwa za kumwezesha mtu kuona mtaani bila kuonekana.

Sasa swali lako la pili. Hesabu ya watu ya mwaka 1614 ilikuta Lima ina wakazi 25,454. Waliohesabiwa kuwa weusi walikuwa 10,386, na Wahispania 9,616. Soma tena. Mji uliojiita Mji wa Wafalme ulikuwa na Waafrika wengi kuliko Wahispania, wengi wakiwa watumwa walioletwa kutoka Afrika Magharibi na Angola, mara nyingi kwa kupitia Cartagena na Panama. Matofali unayoyaona, yaliyofinyangwa kabla ya utumwa kukomeshwa Peru mwaka 1854, uliza nani aliyafinyanga. Basi usitafute jengo moja la weusi. Kuna mahali pawili, hata hivyo, ambapo hutahitaji kuuliza.

Pa kwanza ni Santo Domingo, nyumba ya Wadominiko, nyuma kidogo ya uwanja mkuu. Watu wa vyuo huikumbuka kwa sababu ndani yake ndimo kilimozaliwa Chuo Kikuu cha San Marcos mwaka 1551. Kwako wewe ni nyumba ya Martin de Porres. Parokia zilizopewa jina lake huku kwetu zipo, na picha yake akiwa na ufagio umeiona. Alizaliwa Lima mwaka 1579, mama yake Ana Velázquez alikuwa mwanamke mweusi aliyeachwa huru, baba Mhispania ambaye mwanzoni hakutaka kumkubali. Alijifunza kazi ya kinyozi, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na kutoa damu, kung'oa meno na kufunga vidonda. Alipotaka kuingia utawa, kanuni hazikumruhusu mtu wa damu yake kuwa mtawa kamili, akapokelewa kama mtumishi. Alifagia, akatibu wagonjwa wa rangi zote, akafa mwaka 1639. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Kaburi lake liko humo, pamoja na la Rosa wa Lima, mtakatifu mwingine wa mji huu. Vigae vya samawati na njano kwenye ua wa ndani vililetwa kutoka Sevilla. Kaa hapo kivulini dakika ishirini, hakuna atakayekufukuza.

Pa pili ni kanisa la Las Nazarenas, na hapa umebahatika, maana unakwenda Oktoba.

Mwaka 1651, katika mtaa ulioitwa Pachacamilla, mtumwa kutoka Angola alichora Kristo msalabani kwenye ukuta wa udongo wa banda ambamo weusi wenzake walikutania kusali na kuzikana. Miaka minne baadaye likaja tetemeko la 1655. Nyumba za wakubwa zikaanguka. Ukuta ule dhaifu ukabaki na mchoro wake. Watu wakaanza kuja. Wenye mamlaka hawakupenda mikusanyiko ya usiku ya watumwa, wakatuma wachoraji waufute, na simulizi za Lima hueleza kwa raha jinsi kila aliyepanda ngazi na brashi alivyoshikwa na tetemeko la mwili akashuka. Baada ya tetemeko la 1687 nakala ya mchoro kwenye turubai ikaanza kutolewa barabarani, na desturi hiyo ipo hadi leo.

Ukuta wenyewe uko pale, nyuma ya altare kuu ya kanisa lililofunguliwa 1771. Nenda ukautazame. Majumba yote niliyokutajia juu yamejengwa na kuanguka na kujengwa. Ukuta wa mtumwa wa Angola haujaanguka. Sina alama nyingine ya kihistoria Lima ninayoiweka juu ya hii, wala uwanja mkuu, wala kanisa kuu.

Oktoba mji mzima huvaa zambarau. Maandamano makubwa ya Bwana wa Miujiza, ndilo jina la Kristo huyo wa ukutani, kwa desturi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kisha tarehe 18, 19 na 28, na huhesabiwa kati ya makubwa kabisa duniani kwa Wakatoliki. Wanaume hupokezana kubeba picha mabegani, mbele yao wanawake wenye vyetezo wakitembea kinyumenyume ili wasiipe mgongo. Angalia kalenda kabla hujaenda: kama Jumamosi yako imeangukia siku hiyo, barabara za katikati zitafungwa na mpango wangu wote huu utavurugika. Uache uvurugike. Nenda asubuhi, simama pembeni ya njia, pochi iwe mbele ya tumbo, na ununue turrón, ule mkate mtamu wa anisi wenye pipi za rangi juu, ambao masimulizi humpa heshima yake mwanamke mweusi wa bonde la Cañete.

Ng'ambo ya mto, ukivuka daraja la mawe la 1610, ndipo palipokuwa Malambo, kitongoji walikowekwa na kuuzwa Waafrika na ambacho vizazi vyao walikaa baadaye. Hakuna jengo la kukuonyesha, na mitaa ya ndani ya wilaya hiyo ya Rímac si ya mgeni kutembea peke yake na simu mkononi. Lione kutoka darajani, inatosha.

Jumapili. Jina la Pachacamilla lilitokana na wenyeji waliohamishiwa hapo kutoka Pachacamac, na sasa unakwenda huko kwenyewe, kiasi cha kilomita 30 kusini mwa mji. Ni jangwa lililotandazwa mahekalu ya udongo, bahari ikiwa chini yake. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watu walikuja hapa kuhiji kutoka mbali, kwa mungu aliyetabiri na aliyeaminiwa kutikisa ardhi akikasirika. Sasa unaona kwa nini baadhi ya wanahistoria hawashangai kwamba Bwana wa Miujiza, mlinzi dhidi ya matetemeko, alitokea kwenye mtaa wa watu wa Pachacamac.

Januari 1533, kabla Lima haijakuwepo, Hernando Pizarro, ndugu yake Francisco, alikuja hapa mbio kutafuta dhahabu ya kumkomboa Atahualpa, mfalme wa Wainka waliyekuwa wamemteka. Akalazimisha kuingia patakatifu, akakuta chumba chenye giza na kinyago cha mti, akakidharau na kukibomolea chumba. Lakini mwaka 1938 ilipatikana katika eneo hilo nguzo ya mti iliyochongwa, yenye urefu wa mita 2.34 na nyuso mbili, na leo imo kwenye jumba la makumbusho mlangoni. Vipimo vilivyochapishwa 2020 vilionyesha kuwa mti wake ni wa karne ya 8 au ya 9, na kwamba ilipakwa rangi, nyekundu yake ikiwa ya madini ya zebaki yaliyotoka mbali milimani. Anza na makumbusho hayo, kisha panda hadi Hekalu la Jua la Wainka. Jengo zuri lenye kuta nadhifu wanaloliita nyumba ya wanawake wateule limejengwa upya katika karne ya 20, kwa hiyo usilichukulie kuwa ndivyo lilivyokutwa. Beba maji na kofia, kivuli hakuna. Mkubaliane na dereva akusubiri.

Rudi Miraflores kabla ya saa kumi alasiri. Huaca Pucllana imesimama katikati ya maghorofa, ni kazi ya watu wa utamaduni wa Lima, kati ya mwaka 200 na 700 hivi. Tofali ndogo mbichi, zilizofinyangwa kwa mkono, zimesimamishwa wima safu juu ya safu, zikiachiwa nafasi kidogo ili ardhi ikitikisika zicheze bila kubomoka. Miaka elfu moja hivi kabla ya Vasconcelos na matao yake, jibu lilikwishapatikana hapa. Sehemu kubwa ya eneo ilimegwa kwa barabara na nyumba katika karne ya 20, kabla ya uchimbaji wa kitaalamu kuanza 1981. Huingii bila mwongozaji, na hufungwa Jumanne. Makumbusho mengi ya serikali, Pachacamac yakiwemo, hufungwa Jumatatu. Siku zako ziko salama.

Ukiwa bado na nguvu Jumamosi jioni, Museo Larco huko Pueblo Libre huchelewa kufunga. Nisingempeleka kila mtu, lakini wewe ni mtu wa viazi. Wafinyanzi wa Moche, watu wa kale wa pwani ya kaskazini ya Peru, walitengeneza mitungi yenye sura ya kiazi mviringo, mhogo, mahindi na boga, kwa uangalifu ambao mtaalamu wa mbegu atautambua. Omba kuona ghala lao, ambalo liko wazi kwa wageni. Ni makumi ya maelfu ya vyungu kwenye rafu.

Callao iache. Ngome ya Real Felipe, iliyoanza kujengwa 1747 baada ya bahari kuumeza mji, ina kisa kizito: Wahispania wa mwisho walijifungia humo hadi Januari 1826, zaidi ya mwaka mmoja baada ya vita vyao kuishia Ayacucho. Lakini kwa kuwa uwanja wa ndege uko upande huo, wasafiri hushawishika kupitia na mizigo yao njiani. Usifanye hivyo. Mitaa ya kuzunguka bandari si mizuri kwa mgeni, na foleni za Lima zimewakosesha wengi ndege.

Foleni hizo zikuongoze pia kuhusu malazi. La Molina ni mbali. Saa nzima na zaidi hadi katikati ya mji siku mbaya. Ijumaa usiku hamia Miraflores. Tumia teksi za kuita kwa simu, usisimamishe barabarani, na simu yenyewe isikae mkononi ukitembea. Oktoba bado kuna ubaridi na mawingu, beba sweta. Kizunguzungu cha milimani hakikuhusu, Lima iko karibu na usawa wa bahari.

Jambo la mwisho, ambalo orodha nyingi haziliweki: ukipata alasiri moja huru katikati ya wiki, karibu na La Molina, katika wilaya ya Ate, kuna Puruchuco, jumba la chifu wa enzi za Wainka, la udongo tena, lenye makumbusho yake madogo. Huko mwaka 1956 zilipatikana kipu 21, zile kamba za mafundo zilizotumika kutunza hesabu, na watafiti wamegundua kuwa baadhi zinajumlisha zingine, ngazi kwa ngazi, kama taarifa zinazopanda kutoka kijijini hadi wilayani. Ofisa ugani atazielewa haraka kuliko mtalii.